Ukuta Si Mlango

Mwezi wa Ramadhani, pale mtaani Buyenzi, sahani hazikai kwao. Alasiri ikishaswaliwa utaziona zinavuka barabara zimefunikwa vitambaa, hii ya sambusa, ile ya tambi za sukari, nyingine ya ndizi na nyama, na kila moja inayotoka itarudi na kitu ndani yake. Hata tende mbili. Hata limau moja, kama jirani hana zaidi. Sahani tupu hairudi. Na kuna sheria ya pili, ambayo hakuna anayefundishwa kwa sababu hakuna mwenye haya aliyewahi kuivunja: sahani hairudishwi ikiwa imejaa kama ilivyokwenda. Anayekurudishia chakula chako namna hiyo amekwisha sema. Usimfuate kumuuliza kwa nini.

Basi Fadhila binti Zayd alipotoka jikoni kwake akaikuta sahani yake ya sambusa chini ya ukuta, imejaa, kitambaa kimekunjwa vilevile alivyokikunja, mvuke ungali unatoka, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Hakulia kidogo. Mumewe Massoudi aliporudi kutoka gereji alimkuta bado anapangusa macho kwa upindo wa mtandio, na uji wa futari umeungua.

"Kuna nini?"

"Mama amenirudishia sahani."

Massoudi aliitazama ile sahani, akaitazama tena. Naye alizaliwa mji huuhuu. Alivua viatu vyake vya grisi polepole.

Ukuta ule una habari yake. Kiwanja kilikuwa cha marehemu Mzee Zayd, muuza vitambaa, naye alikijenga chote: nyumba kubwa inayotazama barabara ya mbele, na vyumba viwili vya uani vyenye mlango wa barabara ya nyuma, alimokuwa akiweka majora yake. Alipofariki alimwacha mjane, Bibi Zubeda, binti mkubwa, ambaye ndiye Fadhila, na mwana mmoja, Tamim. Tamim alishika duka na funguo zote. Mirathi haikugawanywa. Kila mwaka ilisemwa itagawanywa baada ya Idi, bila kutajwa Idi ipi.

Fadhila wakati huo alikuwa Gatumba, kando ya mto, na mumewe. Mto ulipoingia nyumbani kwao kwa mara ya tatu, na safari hii ukakataa kutoka, alikuja mjini na magodoro juu ya baiskeli, akamwomba mdogo wake sehemu yake. Tamim akampa vile vyumba vya uani, "kwa muda." Fadhila akasema hakuja kuomba hifadhi, amekuja kwa haki yake kama Mungu alivyoipanga. Maneno yakapanda. Tamim ni mtu ambaye hasira yake hutangulia, akili ikaja nyuma kuomba radhi. Alisimama kizingitini akala yamini mbele ya majirani: Fadhila akipita mlango huu, mke wangu Ghanima ni taliki.

Ghanima alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni na ndoo ya maji mkononi. Aliiweka ndoo chini.

Neno la talaka halichezewi. Tamim aliingia ndani akiwa ameshajuta, lakini kujuta hakukulirudisha neno mdomoni. Wiki ile ile akajenga ukuta kati ya nyumba kubwa na vyumba vya uani, wa matofali ya kuchoma, na juu yake akapandikiza vipande vya chupa. Ghanima hakwenda upande wa pili hata kusalimia. Mwanamke ambaye ndoa yake imening'inizwa kwenye mguu wa mtu mwingine hutembea polepole.

Bibi Zubeda alibaki nyumba ya mbele. Magoti yalikuwa yamevimba na masikio yalikuwa mazito. Akipigiwa simu alisema alhamdulillahi mara kadhaa, kisha akaikata. Lakini si magoti yaliyomzuia kuzunguka barabarani kwenda kwa binti yake. Massoudi alijitolea kumletea taksi, na akajibiwa.

"Hii yote ni nyumba yangu," alisema Bibi Zubeda. "Mutu hapiti barabarani kutoka chumbani kwake kuenda jikoni kwake."

Ndivyo ilivyokuwa: binti hawezi kuingia, mama hataki kutoka, na kati yao ukuta ambao mtu mrefu akinyoosha mkono angeweza kujikata vidole juu yake.

Siku ya kwanza ya mfungo Fadhila alisimama mbele ya ukuta huo na sahani mkononi, hana mpango wowote. Alitaka tu kuwa karibu. Aliegemeza ukingo wa sahani kwenye tofali apumzishe mkono, na tofali likaipokea. Ilizama taratibu kama mkate kwenye chai, ukingo kwanza, kisha sambusa, kisha kitambaa, mpaka vidole vyake vikabaki bapa juu ya tofali la baridi. Upande wa pili alimsikia mama yake akisema, "Bismillahi," na jua lilikuwa halijatua, kisha, "Astaghfirullahi," kisha kimya cha mtu anayesubiri adhana. Fadhila akarudi jikoni kukoroga uji.

Siku ya pili akaiegemeza sahani nyingine, ikazama, akaingia ndani. Alipotoka ndipo alipoikuta imerudi imejaa, na yaliyofuata tumeshayaona.

"Na ile ya jana hajaileta," alimwambia Massoudi baada ya kufuturu maji na tende. "Amekula, amekaa, amefikiri, akaona hanitaki."

"Labda ni Tamim."

"Tamim angeitupa. Hii imerudi na kitambaa kimekunjwa."

Massoudi akasema basi aulizwe mama mwenyewe, na alipokwisha kusema akaona aibu, kwa sababu hilo haliulizwi. Fadhila hakuuliza. Aliacha kukaanga sambusa. Alasiri zote zilizofuata alifunga dirisha linalotazama ukuta na kusahihisha mitihani kwenye joto, na kila harufu ya iliki ikipita alijua imetoka wapi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha fizikia katika chuo cha walimu kule Ngagara. Katikati ya mwezi somo likafika kwenye vizuizi. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, lakini mahali pagumu Fadhila alikiacha Kifaransa kikae kitabuni na kueleza kwa Kiswahili. Alichora mstari ubaoni, juu ya mstari akasimamisha kizuizi, kushoto kwake akaweka chembe inayokuja. Chembe hii, alisema, haina nishati ya kutosha kuruka. Kama ingekuwa mpira ingerudi kila mara, na sisi tungefunga madaftari twende nyumbani. Lakini chembe si mpira. Mara nyingi inarudi, na mara chache inakutwa ng'ambo. Haikutoboa. Haikupanda. Ukikikagua kizuizi hutaona tundu. Na ile iliyofika imefika nzima, na nguvu zake zote ilizoanza nazo. Hakuna anayepokea nusu chembe.

"Madamu, utajuaje hii itapita na hii itarudi?" aliuliza Bonfils, kijana wa dawati la mbele.

"Haujue. Ukituma moja haujue kitu. Ukituma mingi, ndiyo unajua ngapi zitapita."

Raïssa aliinua mkono. Alikuwa mwanamke mzima, alishafundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kurudi kusoma, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyezoea watoto.

"Na ile yenye inarudi, madamu. Ni nani aliikatala?"

"Hakuna mutu aliikatala," Fadhila akajibu. "Ni ukuta tu. Kule ng'ambo hawaja..."

Akasita, chaki ikiwa hewani.

"Hawajaiona," akamalizia. "Hata hawajue kama ilitumwa."

Bonfils akadhani ni saumu, akamsogezea kiti. Fadhila alikaa. Alikuwa amefundisha somo lile mwaka baada ya mwaka, na siku sahani iliporudi hakukumbuka hata mstari mmoja wake. Alikuwa amewaza kama mtu wa Buyenzi. Sambusa zilikuwa bado zina mvuke! Mama yake angefunua kitambaa, angeonja moja jua likizama, angesema chumvi imezidi, angemwita Ghanima naye aonje. Mama yake hajawahi katika maisha yake kukasirika kabla chakula hakijapoa. Fadhila alicheka peke yake mbele ya darasa zima, machozi yakimtoka, kisha akasimama na kuendelea na somo, na wanafunzi wakaandika.

Alasiri ile alikaanga maradufu. Aliiegemeza sahani ukutani na safari hii hakwenda popote. Ilizama mpaka katikati, ikatulia kidogo, ikarudi mikononi mwake. Akaiegemeza tena. Ikarudi. Mkono ukimchoka alibadili mkono. Jirani wa kushoto, aliyekuwa akianua nguo, alimsalimia na kumwombea kila la heri. Karibu na magharibi sahani ikazama moja kwa moja na haikurudi, na upande wa pili akasikia sauti aliyoitamani, ikisema kwa nguvu kama wasemavyo wasiosikia vizuri:

"Ghanima! Kuya uonje! Chumvi ni mingi!"

Baada ya siku chache ile sahani ya kwanza ilitoka ukutani upande wa Fadhila, imejaa kaimati. Zilikuwa kaimati za siku nyingi, shira imeganda na ngozi imekunjamana, kwa sababu Bibi Zubeda hakuwahi kutupa chakula. Fadhila alizila zote. Hakumwachia Massoudi hata moja.

Maana mama naye, kama alivyosimulia baadaye, alikuwa amejaza sahani ile tangu siku ya pili ya mfungo. Aliiegemeza ukutani ikarudi imejaa. Akasema moyoni mwake, binti yangu amenichukia kwa ajili ya ukuta ambao sikuujenga mimi, naye akaiweka sahani kando mpaka sambusa zilipomfikia tena. Kwa nusu mwezi walilia hivyo, kila mtu upande wake, saa zilezile, na kila mmoja akamsamehe mwenzake kosa ambalo halikufanyika.

Sasa, Bibi Zubeda hakuwa mtu wa kuona jambo akaliachia njiani.

"Kama kaimati zinapita," alimwambia Ghanima, "mi nazuiliwa na nini?"

Tangu siku hiyo alasiri alikokota mkeka mpaka ukutani, akavaa vizuri, akajipaka udi, akaegemea tofali kwa bega la kulia na tasbihi mkononi. Ukuta ukimrudisha alisema, "Bado," akakaa, akapumzisha magoti, akainuka tena. Ghanima alimletea mto. Watu waliokuja dukani walimuuliza Tamim hali ya mama, naye akajibu kwamba hajambo, anajaribu ukuta.

Asubuhi ya Idi, Massoudi ameshakwenda kuswali, Fadhila alikuwa akimimina chai. Bega lenye kanga mpya likatokea ukutani, likafuatwa na sikio lenye hereni ya dhahabu, kisha Bibi Zubeda mzima, na tasbihi yake, na ndala zake zote mbili, hana hata vumbi la tofali.

"Hiyo chai iko na iliki?"

"Iko, Mama."

"Basi nipe."

Lakini Fadhila hakumpa chai. Aliiweka birika chini mahali ambapo hapakuwa na meza, ikamwagika, na akamkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka mama akamwambia mbavu si za chuma. Harufu ilikuwa ileile. Alikuwa ameiogopa hiyo, kwamba angeisahau. Bibi Zubeda alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Umekonda. Mwalimu gani anakonda hivi? Kaa hapa."

Akamfungua mtandio, akamsuka nywele mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mke wa mtu, mwalimu wa watu wazima, na Fadhila akakaa chini kati ya magoti yake yaliyovimba. Massoudi aliporudi na kuwakuta alitoa salamu, akageuka, akaenda kutembea tena.

Alasiri Bibi Zubeda aliegemea ukuta arudi kwake. Ukuta ukamrudisha. Akajaribu mara moja zaidi, si kwa bidii.

"Umenikatala," alisema, amefurahi. "Niwekee godoro."

Upande wa mbele Tamim alirudi kutoka kwenye ziara za Idi akakuta mkeka hauna mtu.

"Mama iko wapi?"

"Alipita," Ghanima akamwambia.

Tamim aliutazama ukuta, akakuna kidevu. Hakuuliza alipitaje. Alichouliza ni kama mke wake bado ni mke wake. Ghanima naye alikuwa anataka kujua. Wakamwita Sheikh Tajudini.

Sheikh alifanya kazi yake vizuri. Alisikiliza upande wa mbele, akazunguka barabarani, akasikiliza upande wa nyuma, akaugusa ukuta kwa kiganja. Nusu ya mtaa ilikuwa uani kwa Fadhila, imesimama.

"Yamini ilisema mlango au ukuta?"

"Mlango," wakajibu waliokuwepo siku ile.

"Ukuta si mlango. Na aliyepita ni mama, yamini ilimtaja binti. Ndoa iko salama."

Watu wakapumua. Wakapeana mikono, wakamsifu Mungu, mtu akampigia Ghanima simu, na kwa mbali vikasikika vigelegele kutoka upande wa pili. Mzee mmoja akauliza je, kama binti naye atapita ukutani, na Sheikh akasema hayo ni masuala ya kutazamwa vitabuni, ila kwa rai yake yeye, ukuta bado si mlango. Wakalijadili hilo kwa raha mpaka sahani ya kaimati ikaisha.

"Na fungu langu, Sheikh?" aliuliza Fadhila. "Na la mama?"

Sheikh Tajudini alipangusa shira vidoleni. Aliutazama ukuta kwa muda, kama mtu anayekadiria urefu wake.

"Hayo ni ya familia," alisema kwa upole. "Mtakaa, mtaongea. Baada ya Idi, inshallah."

Ilikuwa Idi. Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

Juma lililofuata Tamim aliita mafundi. Wakajenga upande wake safu ya pili ya matofali, mgongo kwa mgongo na ile ya kwanza, na saruji katikati. Alimwambia Ghanima kwamba mama alitoka kwa ukuta, basi atarudi kwa mlango, mlango uko wazi mchana kutwa. Alikuwa ameumia, huyo kijana, tusimwonee. Alikuwa ameamka asubuhi ya Idi akakuta mama yake amechagua upande wa pili, naye hakujua kulia, alijua kujenga.

Fadhila aliusikia mwiko ukikwangua. Hesabu yake aliijua bila kuandika. Ukuta ukinenepa mara mbili, nafasi ya kupita haikatwi nusu. Kama ilikuwa mara moja katika kumi, sasa ni mara moja katika mia.

"Wanafanya nini pale?" aliuliza Bibi Zubeda, aliyehisi kishindo kwa mgongo wake.

"Wanapaka rangi, Mama."

Zikafuata siku njema. Zilikuwa njema kweli, hakuna haja ya kuficha. Mvua zilinyesha, Bibi Zubeda alisahihisha uji, alisahihisha ubani, alimsahihisha Massoudi namna ya kufunga koki inayovuja, na Massoudi, fundi wa gereji, akafunga upya kama alivyoambiwa. Jioni Fadhila alilala na kichwa mapajani kwa mama yake akimsomea majina ya wanafunzi, na mama akamchekea yule anayeitwa Prodige. Alasiri aliegemea ukuta kwa desturi tu, dakika chache, akisoma uradi.

Kisha Ghanima akapiga simu kusema Tamim ameingiza majora ya vitenge katika chumba cha mama. Kwa muda, Tamim alisema. Chumba kilikuwa kimekaa bure.

Kwa hiyo mwana akawa na nyumba yote ya mbele, na duka, na chumba cha mama, na warithi wenzake wawili wakawa katika vyumba viwili vya uani, na hapakuwa na mtu aliyefukuzwa wala kusukumwa. Pale mtaani walisimulia habari ya ukuta kama neema. Walikuja wajawazito kuugusa.

Ghanima alikuwa na neno moja zaidi, na hili alilisema kwa sauti ya chini.

"Wifi, Tamim hali kitu. Alasiri anakaa pale penye mama alikuwa anakaa. Anaweka mugongo kwa ukuta."

Fadhila alifikiri amfiche mama yake, akashindwa. Alimwambia kwa sauti kubwa sikioni. Bibi Zubeda aliweka kikombe chini. Alivaa ndala zake, akaenda ukutani, na safari hii hakusoma uradi. Alisukuma kwa bega, kwa viganja, kwa paji la uso. Ukuta ukamrudisha. Akasukuma tena. Kuanzia siku hiyo ndiyo ikawa kazi yake, kutoka alasiri mpaka magharibi, na bega lake likaota weusi.

"Mama, acha Massoudi alete taksi. Ni kuzunguka tu."

"Nikizunguka, nimekubali hii kitu yake. Nitakuwa mugeni kwake, na weye mugeni kwangu." Alipangusa jasho. "Yeye ndiye azunguke. Miguu iko nayo."

Na kweli hakuna yamini iliyomzuia Tamim. Ile ya kwake ilifunga mguu wa dada yake tu.

Siku moja Fadhila alikuwa anarudi kutoka Ngagara, akashuka, akaingia barabara yao ya nyuma, akamwona. Tamim alikuwa amesimama kwenye kona, karibu na kibanda cha vocha, amevaa kanzu safi, na mfuko wa machungwa mkononi. Kutoka pale mpaka mlango wa Fadhila palikuwa na barabara ya vumbi iliyokauka baada ya mvua, na mbuzi mmoja. Hapakuwa na tofali. Mlango ulikuwa wazi, umeegeshwa kwa jiwe. Tamim aliutazama. Alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule. Alipiga hatua moja, akabaki hapo muda wa kumaliza sala fupi, na kisha, bila mtu kumgusa, akageuka akarudi alikotoka.

"Tamim," aliita Fadhila, lakini si kwa sauti ya kufika.

Kuna sehemu ya somo ambayo wanafunzi huwa hawaiamini kabisa, hata baada ya kuonyeshwa hesabu: kwamba hata chembe yenye nguvu ya kutosha, iliyozidi kizuizi, ambayo njia yake iko wazi, nayo wakati mwingine inarudi. Bonfils alikuwa ameligombania jambo hilo mpaka kengele. Siku ile Fadhila hakuwa na mfano wa kumpa.

Alimkuta mama yake ukutani, kanga imelowa mgongoni, paji la uso limebanwa kwenye tofali.

"Mama, pumzika kidogo."

"Apana. Leo namusikia. Iko karibu."

Fadhila alisimama na begi lake la madaftari begani.

"Nimemuona," alisema sikioni mwake. "Alifika kwenye kona."

Bibi Zubeda aligeuka haraka, uso umefunguka wote.

"Anakuya?"

"Alikuwa na machungwa," Fadhila akasema.

"Ananunuaga yangu," alisema mama yake. "Yeye mwenyewe hapendi machungwa." Alisubiri kidogo, akitazama mlangoni kwa binti yake, mlango ulio wazi. Kisha akaelewa, akaitikia kwa kichwa, akaugeukia ukuta na kuweka bega lake palepale palipokuwa peusi.

Ukurasa unaofuata katika kitabu unasema uzito hausaidii. Kadiri chembe inavyokuwa nzito ndivyo inavyopita kwa shida zaidi, na mbili zilizoshikamana ni kama hazipiti kamwe. Fadhila alikuwa ameutayarisha ukurasa huo kwa ajili ya kesho. Aliweka begi chini, akasimama nyuma ya mama yake, akamzungushia mikono yote miwili, akasukuma pamoja naye.